Jini yenye chai ya maua: namna ya kuichanganya nyumbani, na pombe isiyofaa kutiwa humo

Vijana wengi wa Endulen na vijiji jirani hupata kazi katika hoteli na kambi za watalii, kuanzia ukingo wa kreta ya Ngorongoro hadi Karatu mjini. Anayewekwa upande wa baa hujifunza kuchanganya vinywaji ambavyo hapa nyumbani havikuwa na jina. Kimojawapo ni kile chekundu, chenye harufu ya maua na utamu wa asali, ambacho mgeni hupewa jioni akitazama jua linavyozama. Ndani yake mna mambo mawili tu ya msingi: chai iliyotokana na maua, na pombe kali inayoitwa jini.

Akirudi likizo, kijana huyo huombwa awatengenezee na wenzake. Hapo ndipo tunapopata sababu ya kuandika. Hotelini jini hutoka kwenye chupa iliyofungwa na hupimwa kwa kikombe maalumu. Nyumbani chupa hiyo ni ghali, kipimo hakipo, na jirani ana galoni ya kitu kingine kinachofanana nayo kwa macho. Chai ya maua ni tamu na ina harufu kali. Ikichanganywa na pombe yoyote, huificha. Tutaeleza namna ya kuitengeneza, kwa kuwa ni kinywaji kizuri na si kigumu, lakini tutakaa zaidi pale panapoweza kumpofusha mtu.

Tuondoe utani mapema. Jini tunayoizungumzia ni ya kwenye chupa, si lile jini la pwani linalopunguwa kwa ubani.

Jini yenyewe ni nini

Jini ni pombe iliyokenekwa, yaani iliyopatikana kwa kuchemsha pombe ya kawaida na kuukusanya mvuke wake ukishapoa. Kinachoitofautisha na pombe kali nyingine ni harufu ya tunda dogo la mti wa jamii ya mreteni. Ulaya sheria inataka harufu hiyo itawale, na ukali usipungue asilimia 37.5.

Hapa wasikilizaji wa milimani watauliza: si ndio mti wetu huo? Karibu, lakini sio. Oltarakwai tunayoijua katika misitu ya Ngorongoro, ambayo wengine huiita mwangati, ni ndugu wa mti ule, na matunda yake yanafanana. Ila si mti uleule. Yaache msituni.

Kwa Tanzania, pombe inayokaribiana zaidi na jini na inayopatikana hadi vijijini ni Konyagi, inayotengenezwa Dar es Salaam, yenye ukali wa asilimia 35. Jina lake limetokana na neno la zamani la Kiswahili kwa brandi, lakini ndani ya chupa si brandi. Uganda wana Waragi, jina ambalo inasemekana lilitokana na maneno ya Kiingereza ya wakati wa ukoloni yenye maana ya jini ya vita. Yoyote kati ya hizo inaingia katika mchanganyiko huu bila kuuharibu. Wahudumu wa baa wa hotelini hupendelea jini za kutoka nje, lakini ukishatia rozela, ndimu na asali, tofauti inayobaki ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Maua gani, na maua gani hapana

Ua linalofaa zaidi ni rozela, ambayo sokoni wengi huiita choya. Kwa kweli kile kinachokaushwa si ua bali ni kikombe chekundu kinachobaki kwenye shina baada ya ua kuanguka, kikinenepa kuzunguka mbegu. Mmea huu umezoeleka barani Afrika tangu zamani. Sudan na Misri chai yake huitwa karkade, Senegali ni bisapu, na Jamaika, ambako ulivuka bahari, huichemsha na tangawizi na kuitia ramu kila Krismasi. Kwa hiyo wazo la kuchanganya rozela na pombe kali halikuanzia hotelini. Lina vizazi vingi.

Wakazi wa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hawaruhusiwi kulima, hivyo rozela ya Endulen ni ya kununua. Agiza kwa anayeshuka Karatu. Chagua iliyokauka vizuri, nyekundu iliyokolea, isiyo na ukungu wala harufu ya gunia lililolowa. Ikiwa imegeuka kahawia, imezeeka.

Ua la pili umeshakuwa nalo jikoni na pengine hukujua kuwa ni ua. Karafuu ni kitumba cha ua kilichochumwa kabla hakijachanua, kikaanikwa juani Pemba au Unguja. Mbili tatu zinatosha kwa chupa nzima. Zikizidi, ulimi unakufa ganzi na kinywaji kinanukia kama dawa ya meno. Wa pwani huongeza asumini au maji ya waridi yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, na ukiyapata, kijiko kimoja cha chai kinafaa.

Sasa upande wa pili, na hapa tunaomba usome polepole. Usichume ua lolote la porini au la bustanini kwa sababu tu linanukia vizuri. Mti ambao Wamaasai huuita olmorijoi una maua madogo meupe yenye harufu tamu inayofanana na asumini. Mti huohuo ndio uliotumika tangu enzi na enzi kupata sumu ya mishale, na sumu hiyo husimamisha moyo. Mtu wa kwetu aliyekulia kwenye mifugo anaujua. Kijana aliyekulia bweni, au mgeni aliyekuja kufanya kazi, huenda haujui. Maua makubwa ya tarumbeta yanayoning'inia kwenye bustani za Karatu nayo yana sumu inayomfanya mtu aweweseke, na pombe huitoa sumu ya mmea kwa wepesi kuliko maji. Wala usitumie waridi la kwenye shada la harusi. Maua ya mapambo hupuliziwa dawa ambazo hazikukusudiwa kuingia tumboni.

Kanuni yetu ni fupi: kama ua hilo haliuzwi kwa ajili ya kunywewa au kuliwa, halitiwi kikombeni.

Maji, sufuria na mwinuko wetu

Rozela ni chachu, na uchachu wake hula sufuria ya alumini. Chai itakuwa na ladha ya chuma na sufuria itabaki na madoa. Tumia birika la bati lenye rangi ya kung'aa, sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au mimina maji ya moto juu ya rozela iliyo katika bakuli la udongo wa kung'aa au jagi la kioo linalostahimili joto.

Rangi ya rozela ina tabia ya ajabu. Kwenye maji yenye uchachu ni nyekundu safi, na kwenye maji ya magadi hugeuka kuwa zambarau, hata rangi ya buluu iliyofifia. Ukanda wetu ni wa volkano na baadhi ya chemchemi zake zina magadi, kwa hiyo mtu wa Endulen anaweza kufuata maelezo yote na bado akapata chai ya rangi ya wino. Hujakosea. Kamulia ndimu, wekundu utarudi. Hata hivyo, ndimu haiondoi madini yaliyomo, na kuchemsha maji hakuondoi floraidi, ambayo ni nyingi katika maji mengi ya kaskazini mwa nchi. Ukiwa na maji ya mvua yaliyotunzwa vizuri na kuchemshwa, ndiyo ya kutumia.

Jambo la mwisho ni mwinuko. Endulen iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Maelezo ya chai yaliyoandikwa pwani husema dakika tano. Kwetu acha ikae dakika kumi hadi kumi na tano, umefunika.

Njia mbili za kutengeneza

Njia ya hotelini ni kuloweka maua ndani ya pombe yenyewe. Chukua jagi au chupa safi ya kioo yenye mdomo mpana. Mimina humo mililita 250 za jini au Konyagi, ambayo ni chupa moja ndogo. Tia vijiko viwili vya chakula vya rozela iliyovunjwavunjwa na karafuu mbili. Funika, weka kivulini, na usubiri saa moja na nusu. Dakika za mwisho kumi hadi kumi na tano ongeza kijiko kimoja cha chai cha majani ya chai ya kawaida. Majani yetu ya dukani, yatokayo Mufindi, Njombe, Rungwe au Usambara, mara nyingi yamesagwa laini, na hutoa ukakasi haraka sana. Ukiyaacha usiku kucha, pombe itakuwa chungu hadi meno yakaze. Onja, kisha chuja kwa chujio la chai lililowekewa kitambaa safi. Utapata pombe yenye rangi ya rubi.

Kuitumia: kwenye bilauri tia vijiko viwili vya chakula vya pombe hiyo, yaani mililita 30, kijiko kimoja cha asali iliyolainishwa kwa maji ya uvuguvugu kiasi sawa na asali, na maji ya nusu ndimu. Jaza kwa maji baridi au soda isiyo na rangi. Barafu ni adimu Endulen, lakini baridi yetu ya usiku hufanya kazi ya jokofu. Chupa ya maji iliyolala dirishani mwezi wa Juni au Julai inatosha kabisa.

Wengine hujazia toniki, ile soda chungu yenye kwinini. Zamani Waingereza waliokuwa India waliinywa hivyo kwa ajili ya malaria, na ndivyo jini na toniki zilivyooana. Toniki ya leo ina kwinini kidogo mno, haitibu wala haikingi malaria. Anayeshuka Mang'ola au Eyasi kwenye mbu alale ndani ya chandarua.

Njia ya pili ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumbani. Usiloweke kitu kwenye pombe. Pika chai ya maua peke yake, kisha pombe iingie kwenye bilauri ya yule anayeitaka, kwa kipimo, mwishoni. Chemsha lita moja ya maji na kipande cha tangawizi iliyopondwa. Epua, tia nusu kikombe cha rozela, karafuu mbili, kijiko cha chai cha majani, na ukiwa nao, mchaichai kidogo. Funika dakika kumi na tano. Chuja, koroga asali vijiko vitatu au vinne ikiwa bado vuguvugu, acha ipoe, kisha kamulia ndimu moja. Itakaa mahali pa baridi siku mbili au tatu.

Kwa nini njia hii? Kwanza, birika moja linahudumia nyumba nzima: anayekunywa pombe, mlokole, Mwislamu, mama mjamzito anayetaka kitu chepesi, na anayetakiwa kuamka alfajiri kupeleka ng'ombe maji. Pili, kila mmoja anaona pombe inavyoingia kwenye bilauri yake na anaihesabu. Kinywaji kilichokwisha kuchanganywa kwenye ndoo hakihesabiki. (Kwa mjamzito, hata rozela yenyewe haishauriwi kwa wingi. Apewe chai ya tangawizi.)

Katika majira ya baridi wapo wanaopenda kuinywa moto. Mimina chai ya moto kwenye kikombe, kisha tia kipimo cha pombe juu yake. Usifanye kinyume, yaani usiweke pombe kwenye sufuria iliyo motoni. Mvuke wa pombe kali hushika moto, na katika nyumba ya nyasi au ya miti yenye jiko la mafiga katikati, mlipuko mdogo unatosha. Na wale wanaosema kuwa pombe ikitiwa kwenye kitu cha moto nguvu yake inaisha, wanajidanganya. Sehemu kubwa inabaki kikombeni.

Gongo haigeuki kuwa jini

Sasa tuje kwenye galoni la jirani. Gongo, moshi, piwa, mataputapu, chang'aa kwa wa upande wa Kenya: majina ni mengi, kazi ni moja. Ni pombe iliyokenekwa nyumbani, kwa mapipa na mabomba yaliyopatikana popote, bila kipimo cha mtu yeyote. Kuikeneka bila kibali kumekatazwa kwa sheria ya mwaka 1966, inayoitwa hadi leo sheria ya moshi. Lakini hatukuja kuzungumzia polisi.

Watu wanaoogopa gongo kwa harufu yake huiona chai ya maua kama suluhisho. Harufu ya moshi na ya chachu inafunikwa na karafuu, ukali unafunikwa na asali, rangi inakuwa ile ya hotelini. Kinachobaki bila kufunikwa ni kile kisichokuwa na harufu wala rangi tangu mwanzo.

Kitu hicho kinaitwa methanoli. Ni ndugu wa pombe ya kunywa, anafanana nayo kwa macho, kwa pua na kwa ulimi. Tofauti yake ni kile ini la mwanadamu linachokifanya nayo. Pombe ya kawaida huvunjwa na kutoka. Methanoli huvunjwa na kuwa asidi ileile inayopatikana kwenye sumu ya baadhi ya sisimizi, ambayo hushambulia mshipa wa jicho. Mililita kumi zinaweza kumpofusha mtu mzima, na thelathini zinaweza kumuua. Ni vijiko viwili vya chakula, kipimo kilekile tulichokitaja cha kinywaji kimoja.

Gongo ya kawaida ya mahindi au ya sukari huwa na methanoli kidogo. Maafa makubwa ya eneo letu yametokea pale mtu alipoongeza methanoli ya viwandani ili apate wingi na ukali kwa bei ndogo. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakabaki vipofu. Aprili 2010 yakatokea Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyochakachuliwa. Mei 2014 Kenya tena, katika kaunti kadhaa kwa wakati mmoja. Katika matukio hayo muuzaji wa mwisho kijijini mara nyingi hakujua alichokuwa anauza. Naye alinunua kwa galoni.

Kuna majaribio ambayo watu huyaamini. La kwanza ni kuwasha pombe kwenye kijiko: ikiwaka buluu, wanasema ni salama. Sivyo. Pombe iliyochanganywa na methanoli inaweza kuwaka buluu vilevile. La pili ni kuchemsha. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na pombe ya kawaida kwenye 78, hivyo kwa hesabu ya shuleni ingetoka kwanza. Zikishachanganyika haziachani kwa usafi huo, na wewe utabaki na mvuke wa moto na sumu bado ipo. La tatu ni kumwangalia aliyekunywa kwanza. Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu dalili za methanoli hukawia. Aliyekunywa jioni anaweza kulala vizuri, na shida ikaanza kesho yake mchana.

Basi chupa ya kununua iwe ipi? Iwe imefungwa, kizibo hakijachezewa, na nembo ya ubora ya TBS ionekane. Tangu mwaka 2019 chupa za pombe kali nchini zinatakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki ya TRA, na mwenye simu janja anaweza kuisoma kwa programu ya TRA ya kuhakiki stempu. Stempu iliyobandikwa na kubanduliwa, lebo yenye herufi zilizokosewa, na bei ya chini kupita zote za mtaa ni dalili tatu za kuirudisha chupa. Pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, vile viroba, ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Machi 2017. Ukikiona kiroba leo, ama kimevushwa mpaka kwa magendo ama kimejazwa mahali usipopajua. Na ukimaliza chupa yako, ivunje au itoboe lebo. Chupa tupu zenye lebo nzuri ndizo zinazojazwa upya.

Dalili, na la kufanya

Mtu aliyekunywa methanoli kwanza huonekana amelewa kidogo tu. Baada ya saa kadhaa, kwa kawaida kati ya 12 na 24, huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuumwa tumbo. Kisha macho: huona ukungu, au weupe kama anatazama ndani ya maziwa. Hupumua haraka haraka kama aliyekimbia. Wengi hudhani ni uchovu wa pombe ya jana na kumwacha alale. Asiachwe. Mchovu wa pombe haoni ukungu.

Mpelekeni hospitali mara moja. Kwa walio huku ni Hospitali ya Endulen, kwa walio Karatu ni hospitali za mjini. Bebeni chupa au galoni lililobaki, hata kama mnaona aibu, kwa kuwa daktari atakisia haraka zaidi akiliona. Msimpe maziwa kwa wingi kwa matumaini ya kuosha sumu, wala msimtapishe kwa nguvu. Wale wote waliokunywa naye waende pia, hata walio wazima. Dawa ipo, na inafanya kazi vizuri zaidi kabla macho hayajaharibika.

Hesabu ya kipimo

Kijiko cha mezani hutofautiana nyumba na nyumba. Kuna kipimo bora ambacho karibu kila nyumba yenye mtoto inacho: kile kikombe kidogo cha plastiki chenye alama za mililita kinachokuja na dawa ya maji. Kiosheni vizuri, na kiwe cha kazi hiyo tu.

Mililita 30 za Konyagi zina pombe halisi gramu 8 hivi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu karibu 20. Kwa hiyo kipimo kimoja ni chini kidogo ya nusu ya bia. Lakini chupa ndogo nzima ya mililita 250 ni gramu karibu 69, sawa na bia tatu na nusu. Vijana wawili wakiigawana ndani ya chai tamu kwa nusu saa, kila mmoja amekunywa karibu bia mbili bila kuhisi uchungu wowote kooni wa kumwambia apunguze. Bia hujaza tumbo na pombe ya asali ya wazee, enaisho, huchukua siku kadhaa kuiva na hunywewa kwa taratibu za rika. Kinywaji hiki hakina breki ya namna hiyo. Breki ni kikombe cha dawa.

Kwetu kipimo kimoja kwa bilauri, na bilauri mbili kwa jioni, ni mwisho wa maana kwa mtu mzima mwenye afya, ingawa Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kuwa hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara yoyote. Asiinywe kabisa aliye chini ya miaka 18, mjamzito, anayeendesha bodaboda au gari usiku huo, anayetumia dawa za kifua kikuu, na anayemeza metronidazo, ile dawa ya tumbo wengi wanayoiita flajili. Rozela nayo hushusha shinikizo la damu, hivyo anayetumia vidonge vya presha amuulize mganga kabla ya kuifanya chai ya kila siku, hata isiyo na pombe.

Kwa wasiokunywa, chai ya birika letu haihitaji kuongezewa chochote ila tangawizi zaidi, ili nayo iwe na ukali wake. Watoto wanaipenda ikiwa baridi. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, kwa sababu ya asali.

Kama umetengeneza kwa njia ya kwanza, ile ya kuloweka, una chupa ya pombe nyekundu inayofanana kabisa na sharubati. Koko akiwa na kiu ataimimina kwenye kikombe, na mtoto aliyerudi kuchunga hatauliza. Andika POMBE kwa kalamu nene kwenye karatasi, ibandike, chora na alama ya hatari kwa asiyejua kusoma, kisha uifungie sandukuni na ufunguo ukae nawe. Usiiweke kwenye chupa ya soda hata kwa usiku mmoja.